Ndanda Ilipanda, Ndanda Ikashuka

Juma hili tuache kidogo habari za mashamba, tuzungumze juu ya mpira wa miguu. Najua akina mama wengine watataka kugeuza ukurasa. Nawaomba wangoje kidogo, maana habari hii ina fedha ndani yake, tena ina watoto wenu.

Ukipanda basi Masasi kuja Mtwara, baada ya kilomita kama 40 unafika Ndanda. Jina hilo halihitaji maelezo katika nyumba zetu. Wamonaki Wabenediktini walifika hapo mwaka 1906, na tangu siku hizo watu wa Kusini wamekwenda Ndanda kutibiwa, kusoma na kununua vitabu. Lakini mtajie jina hilo kijana wa Bukoba au wa Shinyanga. Hatafikiri juu ya hospitali wala juu ya abasia. Atakuambia, “Ah, wale Wana Kuchele!” Maana kwa miaka sita Ndanda lilikuwa jina la timu ya mpira katika ligi kuu ya nchi yetu, na makao yake yalikuwa Mtwara mjini, katika uwanja wa Nangwanda Sijaona.

Kuchele, kwa wasiojua lugha zetu za huku, maana yake kumekucha. Neno hilo lilikuwa midomoni mwa watu wote mwaka 2013, siku zile za ugomvi wa gesi. Mnakumbuka. Watu waliona bomba linachimbiwa njia kutoka kwetu kwenda Dar es Salaam, wakauliza, “Na sisi je?” Kukawa na fujo, na machozi. Sitayarudia hapa. Nataka tu mkumbuke kwamba timu hii ilipanda ligi kuu mwaka uliofuata, nchi ikiwa bado na uchungu huo. Gesi ilikuwa inaondoka kwetu kwenda Dar. Sasa watu wa Dar, tena wakubwa wao wa mpira, walilazimika kufunga mizigo na kuja Mtwara. Nani asingefurahi?

Msimu wa 2014/15 ligi ilikuwa na timu 14. Wageni walikuwa watatu: Ndanda, Stand United ya Shinyanga, na Polisi Morogoro. Mchezo wa kwanza kabisa wa Ndanda katika ligi hiyo ulikuwa tarehe 20 Septemba 2014, huko Shinyanga, katika uwanja wa Kambarage, wageni kwa wageni. Ndanda ilishinda mabao 4 kwa 1. Fikiri mwenyewe: timu imesafiri kutoka pwani ya mwisho ya nchi, imevuka Rufiji, imepita Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma na Singida, halafu inashuka garini na kufunga mabao manne. Jioni ile, huku kwetu, hata wazee ambao hawakujua sheria ya kuotea walikuwa wanaeleza bao la tatu lilivyofungwa.

Uwanja wa Nangwanda Sijaona huchukua watu wapatao 15,000. Jina lake ni la mzee wetu Lawi Nangwanda Sijaona, aliyekuwa waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere. Vijana wengi hulitaja jina hilo kila siku bila kujua kwamba lilikuwa la mtu. Waalimu, mna kazi hapo. Siku ya mchezo mkubwa watu walitoka Mikindani kwa miguu, walitoka Msimbati na Madimba juu ya magari ya mizigo, walitoka Kitaya na Mahurunga kando ya Ruvuma, na wengine walivuka kwa kivuko cha Kilambo kutoka Msumbiji. Mama wa mihogo ya kukaanga alimaliza karai lake kabla ya saa kumi. Nyumba za wageni zilijaa. Mtu wa bodaboda alirudi nyumbani na fedha ya sare za shule.

Na mchezo wenyewe haukuwa wa kuonewa huruma. Mwezi wa Mei 2015, siku ya mwisho ya ligi, Yanga walikuja Mtwara wakiwa mabingwa tayari. Ndanda iliwafunga bao 1 kwa 0. Mwezi wa Septemba 2018 Simba, nao mabingwa, walikuja wakaondoka bila kupata bao, sare ya 0 kwa 0. Timu ya mji wetu iliwasimamisha wakubwa wote wawili.

Lakini sasa niseme neno ambalo litawaudhi baadhi yenu. Siku zile Simba au Yanga walipokuja, uwanja ulikuwa wa rangi gani? Ulikuwa mwekundu au wa kijani na njano. Vijana wa Mtwara, waliozaliwa Mtwara na kula samaki wa Mtwara, walivaa fulana ya mgeni na kumzomea mwenyeji. Na juma lililofuata, Ndanda ilipocheza na timu ya Mbeya au ya Tanga, ambapo hapakuwa na rangi ya kugombania, watu walibaki nyumbani. Mtu anaweza kuipenda Simba au Yanga. Timu hizo ni za zamani, Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936, na baba zetu walizipenda. Sina ugomvi. Lakini timu ya kwetu ilikuwa inangoja tiketi yako siku ile ya Mbeya, si siku ya Simba tu.

Maana timu hula. Mimi kazi yangu ni ya daftari, basi ruhusuni nifungue daftari kidogo. Hizi si hesabu za Ndanda wenyewe. Ni hesabu ya kukisia tu, mtu yeyote anaweza kuipiga kwa bei anazozijua.

Kutoka Mtwara mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550. Kutoka hapo mpaka Shinyanga ni kama 1,000 nyingine. Kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 3,000. Tuseme basi la timu linakula lita moja kwa kila kilomita tatu: hizo ni lita 1,000 na zaidi. Tuseme lita ni shilingi 2,800: tayari ni shilingi 2,800,000. Watu 25, vyumba 13 vya shilingi 25,000, siku nne: shilingi 1,300,000. Chakula cha watu 25 kwa siku tano, tuseme shilingi 15,000 kila mtu kwa siku: shilingi 1,875,000. Jumla inakaribia shilingi 6,000,000 kwa safari moja, na hapo hatujalipa mshahara wa mtu, wala dawa ya goti. Na timu ya Dar es Salaam? Michezo yake mingine inakwenda kwa nusu saa ya gari na kurudi kulala nyumbani. Ligi ni moja, lakini mzigo si mmoja. Hili ni jambo la ramani, wala hakuna wa kulaumiwa. Kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, ambapo magari yalingoja kivuko cha Ndundu kuvuka Rufiji, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wazee ambao bado huitaja Bandari ya Mtwara wanajua ninachosema.

Sasa angalia. Ndanda ilipopanda, ligi ilikuwa na timu 14, kwa hiyo safari za ugenini zilikuwa 13 kwa msimu. Ligi ikaongezwa kuwa timu 16. Halafu mwaka 2018 ikaongezwa tena kuwa timu 20. Safari zikawa 19. Na msimu uleule wa 2018/19 ligi ilichezwa bila mdhamini mkuu, kwa sababu kampuni ya simu iliyokuwa inaidhamini ilikuwa imejitoa; ilirudi msimu uliofuata. Yaani safari ziliongezeka wakati mfuko unapungua. Timu kubwa zilikuwa na njia nyingine. Timu kama yetu, yenye kutegemea mlango wa uwanja na wafadhili wa kuombwa, ilibanwa.

Mwaka ule ule, mwezi wa Novemba 2018, mnakumbuka pia yaliyoipata korosho. Wanunuzi walitaka bei ya chini, serikali ikasema itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na askari wa jeshi wakaja kubeba magunia. Sitaki kusema kwamba hilo ndilo lililoiangusha timu. Mpira una sababu nyingi, hata mlinda mlango akiteleza ni sababu. Nasema tu kwamba huku Kusini, korosho ikichelewa kulipwa, hata sadaka huchelewa, na tiketi ya mpira huwa ya mwisho katika orodha.

Msimu wa 2019/20 ugonjwa wa korona ulisimamisha ligi mwezi wa Machi. Ikaendelea Juni na kumalizika mwisho wa Julai 2020. Timu nne zilishuka moja kwa moja: Ndanda, Lipuli ya Iringa, Alliance ya Mwanza na Singida United. Katika juma lile lile la mwisho wa ligi nchi nzima ilikuwa katika msiba. Mzee Benjamin Mkapa, Rais wetu wa tatu, mtoto wa Lupaso huko Masasi, alifariki, akazikwa kwao tarehe 29 Julai 2020. Uwanja mkubwa wa Taifa huko Dar es Salaam ukapewa jina lake. Kwa hiyo ukitazama, mwezi uleule jina la mtu wa Kusini lilipanda juu ya lango la uwanja mkubwa kuliko yote nchini, na timu ya Kusini ikatoka katika ligi inayochezwa humo. Misimu mitano iliyofuata ilipita, Ndanda haikurudi.

Hapa mtu hupenda kusema: “Miji midogo haiwezi. Mpira wa malipo ni wa miji mikubwa.” Nimeyasikia maneno hayo barazani, na kwenye foleni ya mizani, na kwa watu waliosoma. Basi twende mbali kidogo, mpaka Japani, tukaone kama ni kweli.

Kuna mji wa pwani huko unaoitwa Kashima, upande wa mashariki ya Tokyo. Zamani ilikuwa nchi ya mchanga, ya wavuvi na wakulima. Katika miaka ya 1960 serikali ilichimba bandari katika mchanga ule, na kiwanda kikubwa cha chuma cha kampuni ya Sumitomo kikajengwa hapo. Kampuni hiyo ilikuwa na timu ya wafanyakazi, iliyoanzishwa mwaka 1947 katika mji wa Osaka. Mwaka 1975 timu ilihamishiwa Kashima. Ilikuwa timu ya kiwanda tu, watu wanatoka kazini wanafunga viatu, wanacheza, wengi wa watazamaji ni wenzao. Ilikuwa daraja la pili. Wala mji wenyewe hata leo haukufika watu laki moja.

Wajapani walipotaka kuanzisha ligi ya malipo, waliandika sheria ambayo mimi naiona ni ya busara kuliko zote: kila klabu lazima iwe na mji wake, iitwe kwa jina la mji huo, wala si kwa jina la kampuni. Kampuni inaweza kutoa fedha, lakini jina ni la watu wa mahali. Tena kila klabu iwe na timu za watoto. Kashima waliomba nafasi. Wakubwa wa ligi waliwajibu kwamba haiwezekani kabisa, isipokuwa kama wangejenga uwanja wenye paa juu ya viti, wa watu 15,000. Nadhani walisema hivyo ili kuwafukuza kwa adabu. Kumbe Kashima, pamoja na serikali ya jimbo lao, waliujenga. Angalia hesabu hiyo: 15,000. Ni ukubwa wa Nangwanda Sijaona.

Wakafanya jambo la pili. Mwaka 1991 walimwita Mbrazili Zico, mmoja wa wachezaji hodari wa dunia, ambaye alikuwa amekwisha acha mpira na kufanya kazi serikalini kwao. Akaja, mtu wa miaka 38, akacheza daraja la pili na watu wa kiwanda. Lakini hakuja kufunga mabao tu. Aliwafundisha kuamka, kula, kufanya mazoezi na kuchukia kushindwa. Tarehe 16 Mei 1993, katika mchezo wao wa kwanza wa ligi mpya, Kashima waliifunga timu ya Nagoya, mji mkubwa wenye watu zaidi ya milioni mbili, mabao 5 kwa 0. Matatu ya Zico. Klabu ikaitwa Kashima Antlers, yaani pembe za kulungu, kwa sababu katika maandishi yao jina la Kashima lina maana ya kisiwa cha kulungu.

Walipata ubingwa wa kwanza mwaka 1996. Mwaka 2000 walichukua vikombe vyote vitatu vya nchi yao kwa msimu mmoja. Kufikia mwaka 2016 walikuwa wametwaa ubingwa wa ligi mara 8. Mwaka huo huo walishiriki kombe la klabu za dunia, wakaifunga Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini mabao 2 kwa 0, wakawafunga mabingwa wa Amerika ya Kusini mabao 3 kwa 0, wakafika fainali na Real Madrid. Walikuwa wanaongoza 2 kwa 1! Mpaka dakika 90 ilikuwa 2 kwa 2. Ni katika muda wa nyongeza tu waliposhindwa, 4 kwa 2. Mwaka 2018 walikuwa mabingwa wa bara zima la Asia. Tangu ligi ile ianze mwaka 1993 hawajashuka daraja hata mara moja.

Msinielewe vibaya. Sisemi Mtwara ni Kashima. Japani ina fedha ambazo sisi hatuna, na kiwanda cha chuma si ghala la korosho. Lakini tazama vitu ambavyo Kashima ilikuwa navyo: bandari, kiwanda, pwani ya mchanga, watu wachache, na umbali kutoka kwa wakubwa. Sisi tuna bandari, moja ya bandari zenye kina kizuri katika pwani hii, iliyojengwa na Waingereza kwa ajili ya ule mradi wao wa karanga uliokufa mwaka 1951. Tuna gesi ya Mnazi Bay. Tuna kiwanda kikubwa cha saruji kilichofunguliwa mwaka 2015. Tuna korosho. Kilichokosekana ni kuunganisha vitu hivyo na jina moja ambalo watu wote wanalishika. Hapo ndipo naona sisi tulilala.

Nanyi mtasema tena: “Hiyo ni Asia.” Haya, turudi nyumbani, tena jirani kabisa. Twende Ruangwa.

Ruangwa ni wilaya ya mkoa wa Lindi, mji wake ni mdogo kuliko Mtwara mjini. Timu ya wilaya hiyo, Namungo FC, ilipanda ligi kuu mwaka 2019. Mwaka uleule Ndanda iliposhuka, Namungo ilimaliza ya nne. Si hivyo tu: ilifika fainali ya kombe la shirikisho la nchi, tarehe 2 Agosti 2020, huko Sumbawanga. Simba walishinda 2 kwa 1. Bao moja la Simba lilifungwa na Luis Miquissone, kijana wa Msumbiji, yaani jirani yetu wa ng'ambo ya Ruvuma, na jingine na John Bocco. La Namungo lilifungwa na Edward Manyama. Kwa kuwa Simba walikuwa na ubingwa wa ligi tayari, nafasi ya kwenda kucheza kombe la shirikisho la Afrika ikawa ya Namungo.

Ndipo tukaona maajabu. Timu ya Ruangwa iliitoa Al Rabita ya Sudani Kusini. Ikaitoa Al Hilal ya El Obeid huko Sudani, 2 kwa 0 nyumbani na 3 kwa 3 ugenini. Ikapangwa na Primeiro de Agosto ya Angola, timu ya jeshi, kubwa. Februari 2021 Namungo walisafiri mpaka Luanda. Walipofika wakapimwa, ikasemekana wachezaji watatu na kiongozi mmoja wana korona, wakazuiwa, mchezo ukavunjika. Wakubwa wa mpira wa Afrika wakaamua michezo yote miwili ichezwe Dar es Salaam. Wa kwanza Namungo walishinda 6 kwa 2. Wa pili wakashindwa 3 kwa 1, lakini wakapita. Wakaingia katika makundi, pamoja na Raja ya Casablanca, Pyramids ya Misri na Nkana ya Zambia. Hapo walipigwa michezo yote sita, bila kufunga bao hata moja. Wapo waliocheka. Mimi sikucheka. Ni timu ngapi za Tanzania zilikuwa zimewahi kupigwa na Raja? Ili upigwe na Raja lazima kwanza ufike mbele yake.

Lakini lipo jambo moja la Namungo ambalo lazima nilitaje ili tusidanganyane. Uwanja wao huitwa Majaliwa, kwa jina la Bwana Kassim Majaliwa, mbunge wa Ruangwa kwa miaka mingi na Waziri Mkuu tangu 2015 mpaka 2025. Timu yenye mlezi wa namna hiyo hupata masikio ya watu haraka. Hilo si dhambi. Kashima nao walikuwa na Sumitomo, na mwaka 2019 wenye kiwanda walipopunguza mkono, klabu ikachukuliwa na kampuni nyingine, timu ikaendelea. Swali la Namungo ni hilo hilo: je, mlezi akiondoka, daftari litabaki na nani? Mpaka msimu wa 2024/25 walikuwa bado katika ligi kuu, na mimi nawaombea heri kwa moyo wote, ingawa ni watu wa Lindi.

Turudi kwa Ndanda, na kwa mfuko wako wewe msomaji. Tuseme mkoa wetu na jirani zake wanauza tani 100,000 za korosho kwa msimu. Ni hesabu ya kukisia tena. Hizo ni kilo 100,000,000. Shilingi moja kwa kila kilo, moja tu, ni shilingi 100,000,000. Mkulima wa magunia kumi, yaani kilo 800 hivi, angetoa shilingi 800, bei ya soda. Kwa fedha hiyo, ukirudia hesabu yangu ya Shinyanga, ungelipa safari 16.

Hata hivyo naliogopa wazo langu mwenyewe. Mkulima wa korosho amekwisha katwa vya kutosha: ushuru wa halmashauri, wa chama cha msingi, wa chama kikuu, wa ghala, wa gunia. Kila mkato ulianza kwa maneno mazuri kama haya yangu. Ukimkata shilingi moja bila kumwuliza, mwaka ujao itakuwa tano. Kwa hiyo iwe hivi, au isiwe kabisa: mkutano mkuu wa chama cha msingi ukae, wanachama wapige kura, na wakikubali, basi waingie katika timu kama wenye mali, si kama wafadhili. Wapate kiti katika kamati. Daftari la mapato na matumizi libandikwe ukutani ghalani, kila mwezi, kama linavyobandikwa la mizani. Mtu asiyetaka kubandika daftari, asipewe shilingi, hata akiwa mfungaji bora.

Na watoto? Ile sheria ya Wajapani ya timu za watoto haihitaji kiwanda. Katika vigango vyetu kuna vijana wanaocheza kila jioni kwa mpira wa makaratasi na kamba, kuanzia Msangamkuu mpaka Nanyamba. Wengi wao wanajua majina ya wachezaji wa Madrid, lakini hawajui kama kuna mtu wa kijiji chao aliyewahi kuvaa jezi ya Ndanda. Nataka tuyapate majina hayo. Kama katika kijiji chako yupo mtu aliyecheza Ndanda, au Bandari, au timu yoyote ya zamani ya pwani hii, mwulize kwanza kama anakubali, halafu andika jina lake, mwaka, na nafasi aliyocheza, uyape kwa katekista wako ayalete parokiani Jumapili. Wazee wasioandika waseme, mjukuu aandike. Picha za zamani zitarudishwa. Usitie gundi nyuma, wala usiandike juu ya uso wa mtu kwa kalamu ya wino.

Barua nyingine juu ya ubwiriunga wa mikorosho na salfa ya mwaka huu nimezipokea. Zitajibiwa juma lijalo, kwa zamu.